Rudi Nyuma, Usome Tena Pale

Shangazi yangu alipotolewa mtoto wa jicho upande wa kulia, daktari alimkataza mambo mengi: kuinama, kubeba kizito, kulifikicha jicho, kulalia upande ule. Kusikiliza hakumkataza. Usiku wa pili nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, taa nimeigeuzia ukutani isimchome, nasoma kimya nikidhani amelala.

"Unasoma nini, mwanangu?"

"Hadithi tu, shangazi."

"Ya nini?"

Nikasita. "Ya mapenzi. Ya Waingereza wa zamani, wale wenye vyeo."

"Nisomee."

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na shangazi hajui Kiingereza. Ikabidi macho yasome lugha moja, mdomo useme nyingine. Riwaya za aina hii nilianza kuzisoma nikiwa na miaka 16, peke yangu, na sikuwahi kumweleza mtu kwa nini nazipenda. Walionizunguka waliziita vitabu vya kupotezea muda, nami nikawaachia waseme. Usiku ule nilikuwa nakwenda kuzitamka kwa sauti mbele ya mwanamke aliyenilea, ambaye upuuzi hauvumilii hata dakika moja.

Nilikwama ukurasa wa kwanza tu. Dyuki ni nani? Nikamwambia ni cheo, cha juu kabisa ukiwatoa jamaa za mfalme. Mwenye nacho ana ardhi, ana wapangaji wanaoilima na kumlipa kodi, ana jumba huko mashambani na nyumba nyingine London, na cheo chenyewe amekirithi kwa baba yake. Shangazi akafikiri kidogo. "Mwinyi," akasema. "Mwinyi mkubwa." Tangu usiku ule wote wakawa mamwinyi, na hadithi ikakaa vizuri zaidi mdomoni mwangu. Neno hilo linabeba ardhi, amri na watu walio chini kwa mpigo mmoja.

"Wako wangapi hao?"

Hilo nilikuwa nalijua. Miaka ya riwaya zile, yaani kati ya 1811 na 1820, mfalme George wa Tatu alipokuwa mgonjwa na mwanawe akatawala kwa niaba yake, madyuki wasio wa ukoo wa kifalme hawakufika 30 katika ufalme mzima. Wengi wao walikuwa watu wazima wenye wake. Kwenye riwaya nilizosoma mimi, dyuki kijana ambaye hajaoa anapatikana kila mtaa. Nikamweleza hayo yote, nikitegemea kwamba atapoteza hamu.

"Hadithi inamtaka mmoja tu," akajibu. "Endelea."

Kabla sijaendelea akauliza jambo la pili. "Mwisho wanakuwa pamoja?"

"Wanakuwa pamoja."

"Una hakika? Hujafika mwisho."

"Nina hakika, shangazi. Wasipokuwa pamoja, kitabu hakiingii katika aina hii."

"Basi nisomee taabu zao zote, usinipunguzie."

Sijapata kusikia mtu akilisema vizuri kuliko hivyo. Watu hutuona wajinga sisi tunaosoma hadithi ambazo mwisho wake unajulikana. Shangazi alishazika mume na alishakaa miaka mingi na mambo yasiyo na mwisho mzuri. Alitaka mahali ambapo uchungu unaweza kusikilizwa mpaka chini kabisa bila mtu kuogopa kwamba safari hii pia itaishia kaburini. Ahadi ya mwisho ndiyo inayompa msomaji nguvu za kustahimili katikati.

Tukasoma. Kila usiku saa moja, wakati mwingine mbili. Ilinibidi nimweleze jinsi dunia ile ilivyokwenda, na katika kueleza ndipo nilipoanza kuelewa raha yangu mwenyewe inatoka wapi. Bunge lilipokutana, mamwinyi walihamia London na familia zao. Kuanzia mwanzoni mwa mwaka mpaka kiangazi kilipowarudisha mashambani, kulikuwa na dansi, karamu za usiku, na matembezi ya farasi na magari Hyde Park saa kumi na moja jioni, ambayo lengo lake lilikuwa kuona na kuonwa. Pale King Street palikuwa na ukumbi ulioitwa Almack's, uliofunguliwa mwaka 1765. Dansi zake zilikuwa Jumatano, na tiketi zake zilitolewa na kamati ya mabibi wakubwa wachache waliokaa na kuamua nani anafaa na nani hafai. Pesa peke yake haikukuingiza.

Binti aliyepelekwa London alikuwa na miezi hiyo michache ya kupata mume, kisha mwaka umekwisha. Hakuachwa peke yake na mwanamume. Hakumwandikia barua asiyemchumbia. Akicheza na mtu mmoja zaidi ya mara mbili usiku mmoja, ukumbi mzima ulishahesabu posa. Na katika dansi wote walivaa glavu.

Sasa waweke watu wawili wanaotakana ndani ya sheria hizo.

Kulikuwa na sehemu moja katika kitabu kile cha kwanza. Ni usiku wa dansi. Wako katika chumba cha vitabu, mlango umeachwa wazi kama adabu inavyotaka, na bibi mwangalizi wa binti anasinzia chumba cha pili. Binti amechomwa na mwiba wa waridi la mezani, umepenya kwenye glavu. Mwanamume anaomba ruhusa atazame. Glavu ni ndefu, inapita kiwiko, ya ngozi laini iliyobana, haivuki kwa kuvuta mara moja. Anaanza na kidole gumba, anaivuta ncha kidogo. Kisha cha shahada. Kisha cha kati. Kila kidole kinalegea kidogo tu, halafu anarudi kwenye gumba na kuanza tena, mpaka ngozi inateremka mkononi na kiganja kinatokea, kina jasho kidogo, alama za mishono zimejichora juu yake. Tangu kidole cha kwanza hakuna aliyesema neno. Mwandishi ametumia ukurasa mzima na nusu.

Nilipomaliza niliona shangazi amekaa kitako, ameegemea mto, jicho moja chini ya ngao ya plastiki, la pili limefumbwa.

"Rudi nyuma," akasema. "Usome tena pale kwenye kidole gumba."

Nikarudi nikasoma tena. Hapo ndipo nilipolijua lile nililokuwa nimelikosea jina miaka yote. Nilikuwa nikidhani napenda majumba, magari ya farasi na nguo. Kumbe ninachokipenda ni uzito. Katika dunia ambayo kila kitu kimekatazwa, kiganja kitupu ni tukio. Mwanamume hawezi kusema, kwa hiyo anakumbuka: anakumbuka kwamba wiki tatu zilizopita binti alisema hapendi kukaa kinyume na mwendo wa gari, na leo, bila neno, anampisha kiti. Msomaji wa riwaya hizi amezoea kuona vitu vidogo kama hivyo, na nimejikuta nikiviona hata nikiwa nimefunga kitabu. (Kurasa za chumbani niliziruka. Shangazi alijua nimeruka, maana sauti ilibadilika, na kwa heshima hatukuliongelea kamwe.)

Kutafsiri kulinifunulia lingine: majina. Mrithi wa dyuki, tangu siku baba yake alipofariki, anaitwa kwa cheo. Rafiki anamwita kwa cheo, mtumishi anamwita kwa cheo, hata mama yake mzazi mara nyingi vivyo hivyo. Jina alilopewa alipobatizwa linabaki bila mtu wa kulitumia. Kisha, mahali fulani baada ya katikati ya kitabu, binti anamuuliza anaitwa nani, na kulitamka. Kwa Kiswahili tendo hilo lilikuwa linanipotea, maana sisi tunaitana majina bila kujali. Ikabidi nisimame na kumweleza shangazi kwamba hapa, neno hili moja, ni zaidi ya busu.

"Mama yake halijui hilo jina?"

"Analijua, shangazi. Halitumii."

Akanyamaza kidogo. "Basi huyu kijana alikuwa na upweke."

Nilikuwa nimeshasoma riwaya nyingi mno za aina hii, na sijui kama niliwahi kuliona hilo waziwazi namna ile.

Usiku wa tisa ndipo shangazi aliponishinda. Binti wa kitabu cha pili alikuwa ameachiwa na babu yake pauni elfu thelathini, na wanaume wanne walikuwa wanamzengea. Shangazi akaniuliza: "Akishaolewa, pesa zinakuwa za nani?"

Nikafungua mdomo nikakuta sina jibu. Miaka yote hiyo ya kusoma, na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Nikamwomba anipe siku moja.

Nilichokikuta kilininyima usingizi. Chini ya sheria ya Uingereza ya wakati ule, mwanamke akiolewa nafsi yake kisheria ilimezwa na ya mumewe. Fedha yake taslimu na vitu vyake vikawa vya mume. Ardhi yake ikasimamiwa na mume, naye ndiye aliyekula mapato yake. Hakuweza kutia saini mkataba wala kushtaki kwa jina lake. Watoto walikuwa wa baba. Kabla ya mwaka 1857, talaka ya kumruhusu mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji sheria maalumu ipitishwe na Bunge kwa ajili ya ndoa hiyo moja, na gharama yake ilikuwa ya matajiri tu. Wanawake waliowahi kuipata kwa njia hiyo ni wanne. Wanne, katika historia yote ya utaratibu ule, wa kwanza wao mwaka 1801.

Nikasoma habari za Caroline Norton, mwandishi, aliyeachana na mumewe mwaka 1836. Mume aliwachukua watoto wao watatu wa kiume, na sheria ilikuwa upande wake. Akamshtaki waziri mkuu, Lord Melbourne, kwamba ametembea na mkewe. Kesi ikaanguka, lakini Caroline mwenyewe hakuwa na nafasi ya kujitetea humo ndani, maana hakuwa mmoja wa wadaiwa. Hata malipo ya vitabu alivyoandika kwa mkono wake, kisheria yalikuwa ya mume. Alipiga kelele kwa kalamu mpaka mwaka 1839 ikapitishwa sheria iliyomruhusu mama kuiomba mahakama impe watoto walio chini ya miaka saba. Watoto wake walikuwa wamehamishiwa Scotland, ambako sheria hiyo haikufika. Haki ya mwanamke aliyeolewa kuimiliki mali yake ilikuja polepole, kwa sheria ya 1870, kisha kwa ile kubwa zaidi ya 1882.

Nilipomsimulia shangazi nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hofu pia. Nilihofia kwamba riwaya zangu zimekwisha, kwamba nitakapofungua kitabu tena nitaona uongo mtupu uliopambwa kwa hariri.

Shangazi akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "yule binti, kabla hajaolewa, pesa zilikuwa zake?"

"Akishatimiza miaka 21, ndiyo. Asiye na mume alikuwa mtu kamili mbele ya sheria."

"Na baada ya ndoa, si zake."

"Si zake."

"Basi pale anapoulizwa, ndipo mahali pa mwisho anaposikilizwa."

Niliganda. Katika riwaya hizi kuna posa, na mara nyingi kuna mbili: ya kwanza inakataliwa, ya pili inakubaliwa, na katikati kuna kurasa mia mbili za mwanamume kujifunza. Nilikuwa nimezisoma posa hizo zote kama utamu wa mwisho wa mlo. Shangazi, ambaye hajui hata Almack's ilikuwa mtaa gani kabla sijamwambia, aliiona hatari iliyo chini yake. Binti anachagua mtu atakayekuwa sheria yake maisha yote, na amepewa neno moja tu la kuchagulia. Ndiyo maana ukatili mdogo wa mwanamume kwa mtumishi, uliotajwa ukurasa wa 40, ni jambo zito. Ndiyo maana tunataka kumwona akiwa amekasirika, akiwa ameshindwa kamari, akiwa na mtoto mgonjwa ndani ya nyumba. Tunampeleleza kwa niaba ya binti kabla hajasema ndiyo.

Tangu hapo siwezi kuisoma posa haraka, na zile riwaya ambazo binti anakubali kwa sababu tu dyuki ana mabega mapana zimeniishia hamu. Sizidharau. Zimenipungukia tu hatari.

Familia zenye uwezo zilikuwa na kinga yake, na hiyo nayo niliichimba. Kabla ya harusi mawakili wa pande mbili waliandika mkataba. Siiti mahari kile kilichoandikwa humo, maana mali ilitoka upande wa bibi harusi kwenda kwa bwana. Mkataba ulitaja kiasi ambacho mke angepewa kila mwaka kwa matumizi yake mwenyewe, kiasi ambacho angelipwa maisha yake yote akibaki mjane, na mafungu ya watoto wadogo, kwa kuwa cheo, jumba na ardhi vilikwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza na wengine wakatafuta njia zao jeshini, kanisani au katika uanasheria. Shangazi aliupenda mkataba kuliko dansi zote.

Alipenda pia habari za Elizabeth Gunning, maana ni kweli iliyotokea. Alitoka Ireland na dada yake Maria, wazuri, na kwao hakukuwa na fedha. Usiku wa Februari 14, 1752, dyuki wa Hamilton alishindwa kusubiri hata kukuche. Wakafungishwa ndoa saa sita na nusu za usiku katika kanisa dogo la Mayfair, na kwa kuwa pete haikuwepo, wakatumia pete ya pazia la kitanda. Horace Walpole, mwandishi wa zama zile, ndiye aliyeisimulia hivyo katika barua zake. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuzuia ndoa za siri: tangazo kanisani Jumapili tatu au kibali, na aliye chini ya miaka 21 hapati kibali bila ruhusa ya mzazi. Scotland haikuguswa na sheria hiyo, na ndiyo sababu wapenzi wa riwaya hizi hukimbilia Gretna Green, kijiji cha kwanza ukivuka mpaka. Nilipomweleza, shangazi aliomba kitabu chenye watu wanaokimbia, na tukakisoma kwa usiku nne.

Swali lake gumu kuliko yote alilileta mwishoni, wakati jicho lilishapona na la pili likingoja zamu. "Hela zote hizo zinatoka wapi? Na watu weusi, hawakuwepo huko?"

Sikumficha. Nyingine zilitoka kwenye kodi za wakulima. Nyingine zilitoka kwenye miwa ya visiwa vya Karibi, iliyolimwa na Waafrika waliotekwa utumwani. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe katika makoloni hayo uliondolewa kwa sheria ya 1833, na Bunge likatenga pauni milioni 20 za fidia. Walilipwa wamiliki. Waliotumikishwa hawakupata chochote. Kwa hiyo kila dansi ya riwaya zangu ya mwaka 1815 iko ndani ya miaka ile, na sukari iliyo mezani ina historia yake. Kuna waandishi wanaoligusa hili, wengine hawaligusi, na mimi siku hizi nawatafuta wa kwanza.

Na walikuwepo. Nikamsimulia Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa mwaka 1761, mama yake mtumwa Mwafrika aliyeitwa Maria Belle, baba yake afisa wa jeshi la majini. Alilelewa na mjomba wa baba yake, Lord Mansfield, jaji mkuu, katika jumba la Kenwood, pamoja na binamu yake Elizabeth. Mansfield aliandika katika wosia kwamba Dido ni mtu huru, akamwachia pauni 500 na nyingine 100 kila mwaka. Desemba 1793 aliolewa na John Davinier, katika kanisa la St George's, Hanover Square. Nilipofika hapo sauti ilinikatika, kwa sababu kanisa hilo nalijua. Ndilo ambalo mamwinyi wa riwaya hufungia harusi zao. Nimehudhuria harusi nyingi mle kwa macho tu, na katika zote bibi harusi hakuwahi kufanana nami.

Shangazi akanishika mkono. Hakusema kitu kwa muda.

"Kaandikwa riwaya huyo?"

"Wapo walioanza kuandika watu kama yeye, shangazi."

"Kesho ulete."

Nikaleta. Na nimeendelea kuleta, ingawa macho yote mawili sasa yanaona hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Jana usiku tulikuwa mwisho wa kitabu. Mvua ndani ya hadithi, bustani, mwanamume amepiga goti kwenye majani yaliyolowa, ameshalitamka jina la binti, ameshauliza. Binti amevuta pumzi. Shangazi akainua kidole.

"Subiri. Mkataba umeshaandikwa?"

Nilikuwa nimeharakisha. Nikarudi kurasa sita nyuma nikatafuta, na kweli ilikuwepo, mistari mitatu niliyoipita: kaka wa binti ofisini kwa wakili asubuhi ile, karatasi mezani, mali ya dada yake imefungwa kwa jina lake, na bwana mwenyewe ametia saini kabla hata hajajua kama atakubaliwa.

Nikamsomea. Akatikisa kichwa polepole, akauegemea mto wake.

"Haya. Sasa mwache aseme."